Limezimaje?

"Fundi, limezima tena."

"Limezimaje, mzee?"

"Limezima tu!"

Mazungumzo huishia hapo, na kabla mwenye gari hajapata pa kukaa, bisibisi imeshaingia kwenye kabureta. Jioni gari linatoka gereji likiwa na plagi mpya, koili mpya na kabureta iliyopulizwa kwa kompresa. Linafika mlima uleule, saa ileile ya jua kali, linazima. Mwenye gari anaanza kusema lina mkosi. Halina mkosi wowote. Lilipozima liliacha ushahidi, na ushahidi huo ukafutwa na watu waliokuwa na haraka ya kufungua nati.

Nazungumzia magari madogo ya zamani, yale ya kabureta na pointi, ambayo hayana mahali pa kuchomeka mashine ya kusoma makosa. Ili tusitangetange nitashika moja tu: Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya kiwanda cha Puebla, Meksiko, kutoa ya mwisho mwezi Julai 2003, na huku kwetu zilijipatia heshima kwa kushinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo njia ya mashindano hayo ilikuwa tope asubuhi na vumbi mchana. Injini yake iko nyuma, silinda nne zimelala ubavu, inapozwa kwa hewa, haina rejeta. Hakuna taa itakayokuonyesha nani mkosaji. Lakini ukijua la kuuliza, karibu kila kitu kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono.

Swali la kwanza ni hilo la fundi, na lisikubaliwe jibu la "limezima tu". Kuna kuzima kwa ghafla na kuna kukata roho polepole. Likizima ghafla, pale pale, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo, bila kukohoa wala kuvutavuta, mshukiwa wa kwanza ni umeme: swichi, waya, koili, kondensa, pointi. Likianza kupoteza nguvu, likavutavuta, ukakanyaga mafuta likafufuka kidogo, kisha likalala, hapo petroli ndiyo inayokatika. Kuna na la tatu, lile linalokwenda safi barabarani ila likifika kwenye taa za barabarani, mguu ukitoka kwenye ekseleta, linazima. Hilo ni la sailensi, na lina watuhumiwa wake.

Mgawanyo huu si sheria. Kondensa inayokufa taratibu inaweza kulifanya gari limisi na kupiga mabomu kwenye ekzosi hadi uape kuwa ni uchafu kwenye kabureta. Mafundi wa zamani hutaniana kwamba matatizo mengi ya kabureta yamo ndani ya distribyuta, na utani huo una ukweli kuliko vitabu vingi. Ndiyo maana baada ya swali linafuata jaribio, na jaribio lina wakati wake.

Wakati wenyewe ni mara tu gari linapozima, likiwa bado la moto, kabla hujampigia mtu simu. Lisukume pembeni pasipo na hatari, zima swichi, fungua mlango wa nyuma wa injini. Toa chujio la hewa. Kama ni lile la zamani lenye oili ndani, litoe likiwa wima, la sivyo oili yote inamwagikia injini. Chungulia koo la kabureta huku mkono wako ukivuta kitawi cha ekseleta. Ukiona mchirizi mwembamba wa petroli ukirushwa ndani, bakuli la kabureta lina mafuta, na hadithi ya kuwa petroli haifiki imekufa papo hapo. Usipoona kitu baada ya kuvuta mara kadhaa, bakuli ni kavu au pampu ndogo ya ndani ya kabureta imekwisha.

Rudisha chujio, hakikisha hakuna petroli iliyomwagika, ndipo uje kwenye moto. Chomoa waya wa katikati ya kifuniko cha distribyuta, ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake ikae milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma kisicho na rangi, kisha mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia kwa ukali ni nzima. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayotoka mara moja moja, ni mgonjwa. Isipotoka kabisa, kesi ya petroli ifungwe na faili la umeme lifunguliwe. Kazi yote haizidi dakika tano, na ina thamani kuliko siku nzima ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Kwa nini nasisitiza wakati? Kwa sababu ya ugonjwa ule unaowatesa wengi kuliko yote. Gari linakwenda vizuri nusu saa, linazima, linakaa robo saa kando ya barabara, linawaka kama hakuna kilichotokea. Ukisimulia mkasa huo mbele ya watu watano, wanne watakwambia petroli imechemka. Mantiki yake ipo. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya pampu au bomba, pampu inabaki kusukuma mvuke, na bakuli la kabureta linakauka. Pampu ya Volkswagen imefungwa juu ya injini yenyewe, jirani na distribyuta, ikisukumwa na kijiti kinachoendeshwa na gia ileile inayozungusha distribyuta. Mahali hapo ni pa moto. Dawa inayojulikana nchi nzima ni kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu. Mtu anakwenda kuomba maji nyumba ya jirani, anarudi, anakilowesha kitambaa, wanasubiri kidogo, linawaka. Wote wanaridhika.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Wakati maji yanatafutwa, si pampu peke yake iliyopoa. Koili imepoa, kondensa imepoa, hata waya wenye mpasuko umepoa na kurudi mahali pake. Kitambaa kimepewa sifa ambayo huenda ni ya upepo tu. Gari lililowaka baada ya kupumzika halijathibitisha lolote zaidi ya kwamba lilikuwa la moto na sasa si la moto. Ndiyo maana mchirizi wa petroli na cheche vitazamwe injini ikiwa bado inafuka joto. Kama bakuli lina petroli na waya wa katikati hautoi moto, kitambaa kipeleke kikakaushe vyombo.

Koili ya gari hili imefungwa kwenye bati la feni, juu ya injini. Ndani yake mna maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba uliopakwa kihami. Kihami kikizeeka, joto linatanua kila kitu, mizunguko inagusana, umeme unapita njia ya mkato na cheche inakwisha nguvu. Ikipoa, nyufa zinafumba. Koili ya namna hii ukiipima asubuhi gereji, ikiwa baridi, mita itasema ni nzima kabisa, na fundi atakurudishia kwa moyo mweupe.

Kondensa ni kikopo kidogo cha chuma kilichokaa ubavuni mwa distribyuta, na ukubwa wake unawafanya watu waidharau. Kazi yake ni hii. Pointi zinapofunguka, umeme uliokuwa ukipita kwenye koili hukatwa ghafla, na ni kule kukatwa ghafla kunakozalisha maelfu ya volti za plagi. Bila kondensa ya kuupokea, umeme ungeruka kati ya pointi zenyewe, ukazichoma, na ukatiko usingekuwa wa ghafla tena. Kwa hiyo ukiona pointi zimechomeka na kutoka vijishimo muda mfupi tu baada ya kuwekwa mpya, usilaumu pointi. Ukitaka uthibitisho mwingine, fungua kifuniko gizani, washa swichi na uzitenganishe pointi kwa kijiti kikavu. Cheche kubwa ya buluu kati yake ni dalili mbaya kwa kondensa. Wenye magari haya waliokomaa hubeba kondensa ya akiba iliyokwishatumika na kuthibitika, hawaamini mpya iliyotoka kwenye kijikaratasi leo. Nakubaliana nao. Kondensa mpya nyingi zinazouzwa sasa hazina umri.

Pointi nazo zina kuzima kwake. Nafasi yake ni milimita 0.4. Kisigino cha plastiki kinachopanda na kushuka kwenye mhimili wa distribyuta kisipopakwa grisi kidogo, kinalika, nafasi inafinyika, taimingi inachelewa, na siku moja pointi hazifunguki kabisa. Na humo humo ndani kuna kijiwaya kifupi cha kusukwa kinachounganisha sahani ya pointi na mwili wa distribyuta. Sahani hiyo husogea kila ukikanyaga mafuta. Waya husogea nayo, mwaka baada ya mwaka, hadi nyuzi zake zinakatika moja moja. Gari linakuwa linaunguruma vizuri likisimama na kukata umeme ukiongeza mwendo, au kinyume chake. Nimesikia mengi yakitupiwa lawama kwa kosa la kijiwaya hiki: kabureta, pampu, hata petroli ya kituo fulani.

Upande wa petroli, safari ni ndefu. Tanki liko mbele, injini nyuma, na mafuta hupita ndani ya mfereji wa katikati ya gari, urefu wote wa sakafu. Kabla hujafungua chochote fungua kifuniko cha tanki usikilize. Ukisikia hewa ikinyonywa kwa mluzi na gari likawaka likaenda vizuri kilomita kadhaa, njia ya kupumulia tanki imeziba, na pampu ilikuwa ikivuta dhidi ya ombwe. Hakuna jaribio rahisi kuliko hilo, na hakuna linalosahauliwa zaidi. Kisha hakikisha petroli ipo. Usicheke. Volkswagen za kabla ya miaka ya sitini hazikuwa na geji ya mafuta. Gari lilipoanza kukata roho dereva alisukuma kwa mguu valvu ya akiba akatafute kituo. Zilizokuja baadaye zina geji, ila geji yenye umri wa miaka 50 husema inachotaka.

Baada ya hapo kuna kutu ndani ya tanki lililokaa nusu tupu kwa miaka, chujio la wavu chini yake lililojaa matope, na mipira. Mpira wa petroli uliozeeka hubomoka kwa ndani. Kipande kinachoning'inia hujifunga pampu ikivuta na kujifungua injini ikizimwa, nawe unaona gari lenye tabia ya kuzima mlimani tu, pale injini inapotaka mafuta mengi. Badilisha mipira yote, ni bei ya chakula cha mchana. Hapa sababu si kuzima pekee. Mwili wa injini hii umetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, metali ambayo ikishika moto maji hayaizimi bali yanaichochea. Ule mtindo wa kuweka chujio la plastiki juu ya injini, karibu na distribyuta, ili lionekane likiwa safi, mimi nauita hatari kwa jina lake. Liweke mbele chini ya tanki, au nje ya chumba cha injini karibu na gia.

Na pampu ikiwa na shaka, chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, ngozi ya pampu imechanika na mafuta yanashuka ndani ya injini, au valvu ya sindano ya kabureta haifungi. Usiendeshe. Oili iliyochanganyika na petroli haishiki beringi.

Kwa gari la tatu, lile linalozima likiwa sailensi tu, jambo la kwanza linachukua sekunde. Kabureta za Solex za Volkswagen, tangu katikati ya miaka ya sitini, zina valvu ndogo ya umeme ubavuni yenye waya mmoja. Swichi ikiwashwa inafungua njia ya petroli ya sailensi, ikizimwa inafunga ili injini isiendelee kujizungusha. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya ule na uurudishe. Usiposikia "tik", valvu imekufa au haina umeme, na injini itakuwa inaishi kwa mguu wako tu. Mara nyingi kosa ni kiungio cha waya kilicholegea. Yupo aliyepandishiwa sailensi kwa bisibisi hadi gari likawa linakimbia lenyewe, kumbe waya ulikuwa umening'inia.

Hiyo bisibisi nayo ina kesi yake. Kwenye kabureta ya 34 PICT-3, iliyokuja na injini za 1600 karibu na 1970, mwendo wa sailensi haurekebishwi kwa skrubu ya kitawi cha ekseleta. Unarekebishwa kwa skrubu kubwa ya ubavuni. Anayezungusha ile ya juu anakifungua kipepeo cha ndani kupita kiasi, mashimo madogo ya sailensi yanapoteza mvuto wake, na distribyuta yenye kuvutwa na ombwe inachanganyikiwa. Gari linaunguruma mizunguko 850 kama kitabu kinavyotaka, lakini ukikanyaga tu linajikwaa. Mkorogo huohuo huletwa na distribyuta ya namba 009, isiyo na mvuto wa ombwe, inayopendwa kwa bei yake. Ukiondoka kwenye taa linasita, wakati mwingine linazima katikati ya makutano. Wauzaji huisifia, mimi ningeirudishia ile ya asili.

Pia hewa ya wizi: gasketi chini ya kabureta, mipira ya manifoldi kwenye injini za matundu mawili, mhimili wa kipepeo uliolegea kwa uzee. Injini inaunguruma kwa kupanda na kushuka, inavuta hewa isiyopita kabureta, kisha inazima. Sikiliza mluzi wake kwa mpira mrefu uliowekwa sikioni. Wanaonyunyiza petroli kwenye injini ya moto kutafuta uvujaji wanatafuta na kingine.

Sasa kuna kisa cha baridi, na hiki huwapata zaidi watu wa Limuru, Njombe, Lushoto na nyanda nyingine zenye ukungu. Gari limewaka vizuri asubuhi, limeshapata joto la kutosha choki kufunguka, limekwenda kilomita chache, likisimama linazima. Likikaa dakika tano, sailensi inarudi. Kinachotokea hakiaminiki hadi ukione: barafu. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, halijoto ya koo inashuka kwa nyuzi nyingi, na unyevunyevu wa hewa ya ukungu unaganda pale pale kwenye kipepeo. Hewa ya nje haihitaji kuganda, nyuzi 10 zikiwa na unyevu mwingi zinatosha. Likishasimama, joto la injini linaiyeyusha barafu, na fundi anayefika baadaye anakuta kabureta safi isiyo na hatia.

Wahandisi wa Ujerumani walilijua hilo. Chini ya kabureta walipitisha bomba dogo la ekzosi ligusane na manifoldi na kuipasha moto. Bomba hilo hujaa masizi kwa miaka, na likiziba hakuna anayejua kuwa limeziba, kwani gari linawaka na kwenda. Endesha dakika kumi, zima, shika bomba hilo kwa uangalifu pande zote mbili za manifoldi. Likiwa la moto upande mmoja na baridi upande wa pili, au baridi kote, mkosaji amepatikana. Kuzibua masizi yake ni kazi ngumu ya waya na moto. Na mtu aliyetupa chujio la hewa la asili, lenye mpira wa kuleta hewa ya moto, akaweka la kung'aa la dukani, amejiongezea barafu kwa hiari yake. Mwanza au Mombasa halimsumbui. Akipanda nalo Lushoto mwezi wa Julai ataniambia.

Mvua nayo ina historia yake. Mini za kwanza za Uingereza, mwaka 1959, zilikuwa na distribyuta nyuma ya grili ya mbele, zikazima kila zilipokutana na dimbwi, hadi kiwanda kikaweka kinga. Volkswagen ina bahati ya kuwa na yake nyuma. Hata hivyo kifuniko chenye ufa wa unywele, wenye unyevu wa asubuhi ndani, kinaweza kulizima gari. Kifute, kiangalie kwenye mwanga, ukiona mstari mweusi uliochorwa na umeme kati ya vichwa viwili, kitupe.

Valvu nitazitaja kwa haraka. Nafasi yake kwa injini nyingi za aina hii ni milimita 0.15, ipimwe injini ikiwa imelala baridi usiku kucha. Isipopimwa kwa maelfu ya kilomita hufinyika, injini ikipata moto valvu haifungi vizuri, na sailensi inakufa. Anza na ya ekzosi ya silinda namba 3. Kwenye injini za zamani kipoza oili kiliinyima hewa silinda hiyo, na ndiyo huwa ya kwanza kuungua.

Yanabaki magari yanayozima mara moja kwa juma, kisha yanawaka kabla hujafungua mlango. Hapo hakuna dakika tano za jaribio. Chukua balbu ndogo ya volti zilezile za gari, maana kabla ya modeli za 1967 nyingi ni za volti 6. Unganisha waya mmoja kwenye kichwa cha koili kinachopokea umeme wa swichi, mwingine kwenye chuma, na uilete balbu mbele mahali unapoiona ukiendesha. Likizima, tazama balbu kabla ya kuvuta breki ya mkono. Ikizimika pamoja na injini, kosa liko kati ya swichi na koili, na swichi yenyewe iliyolika ndiyo ya kwanza kutikiswa. Ikibaki inawaka huku injini imenyamaza, swichi na waya wake wameponea. Nenda kwenye distribyuta, uanze na kile kijiwaya cha kusukwa.